Cicely Tyson kwa jicho la mpambaji

Mara ya kwanza nilipopewa kazi ya kumzeesha mtu kwenye filamu, nilimmwagia poda ya mtoto kichwani. Bibi alikaa sawa kabisa mpaka pale alipogombana na mkwewe, akatikisa kichwa, wingu jeupe likapanda mbele ya kamera. Seti nzima ilicheka. Usiku ule nikaanza kutafuta waliofanya kazi hiyo vizuri, nikakutana na Cicely Tyson, mwigizaji mweusi wa Marekani.

Wanaomwandika huanza na tuzo. Mimi kazi yangu ni vichwa na nyuso, kwa hiyo naanza na nywele.

Alizaliwa Harlem, New York, Desemba 1924, wazazi wake wahamiaji kutoka kisiwa cha Nevis. Alikuwa karani wa kupiga chapa, akawa mwanamitindo, kisha mwigizaji, jambo ambalo mama yake, mlokole wa kweli, aliliona ni dhambi tupu. Siku moja akapewa nafasi ya mke wa Kiafrika katika mchezo wa televisheni. Enzi hizo mwanamke mweusi wa Marekani hakuonekana kwenye skrini bila nywele zilizonyooshwa. Tyson akaenda kwa kinyozi palepale Harlem, akamwambia azikate fupi kadiri awezavyo, kisha azioshe zirudi kipilipili.

Kichwa hichohicho akaingia nacho East Side/West Side, tamthilia ya kituo cha televisheni cha CBS, mwaka 1963, akiwa Jane Foster, katibu katika ofisi ya ustawi wa jamii, pamoja na George C. Scott. Tamthilia ilidumu msimu mmoja tu. Lakini Tyson alikuwa akisimulia kwamba wasusi walimwandikia barua za malalamiko: wateja wanataka nywele kama zake, biashara ya kunyoosha inakufa. Nawaelewa. Nina saluni, najua kodi ya chumba inalipwa na dawa ya nywele, si na mkasi.

Filamu ya Sounder ilitoka mwaka 1972. Ni Rebecca, mke wa mkulima wa Louisiana anayelima ardhi ya mwenzake kwa kugawana mavuno, mumewe amefungwa kwa wizi wa nyama. Mpambaji hapa ana kazi ndogo: jasho, vumbi, basi. Mume anaporudi akichechemea, Rebecca anatoka mbio kumlaki, na hakuna poda duniani ingeongeza kitu pale. Aliteuliwa kuwania Oscar. Katika kuitangaza filamu hiyo, mwandishi mmoja Mzungu alimwambia kwamba ilimwia vigumu kusikia mtoto mweusi akimwita baba yake kwa jina lilelile ambalo mwanawe yeye humwita. Baada ya hapo Tyson aliamua kutopokea tena kazi kwa sababu tu ina malipo, na uamuzi huo ulimweka nyumbani vipindi virefu.

Sasa tuje kwenye kazi inayoninyima usingizi. Mwaka 1974 CBS ilionyesha filamu ya The Autobiography of Miss Jane Pittman, kutoka riwaya ya Ernest Gaines: mwanamke aliyezaliwa utumwani, anayefikisha miaka 110. Tyson alikuwa anakaribia 50, naye alimcheza tangu usichana hadi uzee wa mwisho. Waliomzeesha ni Stan Winston na Rick Baker, vijana wakati ule, na Emmy, tuzo ya televisheni, wakapata. Njia yenyewe ni hii: uso wa mwigizaji unachukuliwa kwa plasta, juu ya nakala yake zinafinyangwa kunyanzi, mpira wa povu unamiminwa kwenye kalibu na kuokwa, kisha unabandikwa ngozini na kingo zake kufichwa. Ni kazi ya masaa, si ya dakika.

Tatizo la mpira ni kwamba unameza. Tabasamu dogo halifiki nje, nyusi ikipanda kidogo haionekani. Asiyejua anabaki na kinyago. Tyson alikwenda kuwatazama wazee kabla ya kupiga picha, na faida yake unaiona shingoni, mabegani, kwenye namna anavyouamini mkongojo kuliko mguu. Mwishoni Jane anatembea peke yake hadi kwenye bomba la maji lililotengwa kwa Wazungu, taratibu mno, anakunywa. Hapo nilisahau kutafuta mahali mpira ulipoishia. Nikarudisha nyuma nitafute, nikasahau tena. Kazi ile ilimpa Emmy mbili.

Mengine nayapitia haraka: Tony, tuzo ya michezo ya jukwaani, mwaka 2013 akiwa na miaka 88, Oscar ya heshima mwaka 2018, na kifo tarehe 28 Januari 2021, siku mbili baada ya kitabu cha maisha yake kutoka.

Ila kuna tamthilia ya televisheni, How to Get Away with Murder. Mwaka 2015, miaka 90, kunyanzi zake mwenyewe, anacheza Ophelia, mama wa wakili Annalise, yaani Viola Davis. Bintiye kavua wigi, amekaa chini katikati ya magoti ya mama, na mama anamchana huku akimtobolea siri ya nyumba iliyoungua zamani. Nilimwonyesha mteja wangu kwenye simu nikiwa namsuka. Akatazama hadi mwisho, kimya.

"Dada," akasema, "huyo mama mbona havuti kama wewe?"