Mastaa hawafi watatu watatu

Akifa mchezaji au msanii mkubwa, kwenye vijiwe vya kahawa vya Kirumba, Mwanza, hukosi mtu wa kusema, "Bado wawili." Imani kwamba mastaa hufuatana watatu ni ya zamani, wala si ya Mwanza peke yake, Wamarekani nao wanayo.

Chukua mwisho wa 2020. Diego Maradona alifariki Novemba 25. Siku nne baadaye akafuata Papa Bouba Diop, yule Msenegali aliyeifunga Ufaransa mechi ya ufunguzi wa Kombe la Dunia 2002. Desemba 9 akaondoka Paolo Rossi wa Italia. Watatu, hesabu imefungwa! Ila Desemba 8 alishafariki Alejandro Sabella, kocha aliyeifikisha Argentina fainali ya 2014, na Desemba 14 akafa Gérard Houllier, aliyewahi kuinoa Liverpool. Hao wawili huachwa nje, maana wanaharibu hesabu.

Tatizo ni kwamba hakuna aliyeweka mwisho wa siku, wala kipimo cha nani ni staa. Ni sawa na kuvua kwa kokoro: linazoa kila kitu, kisha unachagua samaki unaowataka. Na siku hizi simu inatuletea misiba ya dunia nzima, kwa hiyo wa tatu hakosekani.

Uchungu wa mashabiki ni wa kweli, sibishani nao. Ila anayesema "bado wawili" aulizwe mapema: wa fani gani, na mpaka tarehe ngapi?