Vibarua wa vifurushi na sendika: yanayosemwa na yaliyo kweli

Malori yanayotoka Kasumbalesa, mpakani na Zambia, huingia Lubumbashi, mji wetu wa kusini mwa Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo, usiku, na kufikia saa kumi alfajiri vibarua huwa wameshapanga mstari getini wakisubiri kapita, yaani msimamizi wao, asome majina. Wao ndio wanaoshusha mizigo na kugawa vifurushi kwa komini, yaani mitaa mikubwa ya mji, vya komini ya Kenya huku, vya Katuba kule, vya Ruashi na Kampemba ukutani, kisha saa tatu asubuhi wanaambiwa kazi imekwisha, wakati wenye mikataba ya kudumu ndiyo kwanza wanawasha pikipiki kwenda kuwapelekea wateja. Nimekuwa mjumbe wa wafanyakazi, delege kama tunavyosema hapa, katika ghala la namna hiyo kwa miaka kadhaa, na maneno ninayoyajibu hapa, kuhusu vibarua na sendika, yaani chama cha wafanyakazi, nimeyasikia kwa mabosi, kwa wanasendika wenyewe, na hata kwa vibarua.

Neno la kwanza, na ndilo linalodhuru kuliko yote, ni kwamba kibarua wa saa nne au tano kwa siku si mfanyakazi kamili, kwa hiyo sendika haimhusu. Sheria ya kazi ya Kongo ya tarehe 16 Oktoba 2002 inamweleza mfanyakazi kuwa ni mtu anayeweka kazi yake chini ya uongozi wa mwajiri kwa malipo, na maelezo hayo hayataji anafanya saa ngapi. Katiba ya mwaka 2006, katika kifungu cha 38, inatambua uhuru wa kuunda sendika na kujiunga nayo. Hata hivyo sheria inakwenda mbali zaidi ya hapo, na jambo hili vibarua wengi hawajaambiwa: mtu aliyeajiriwa siku kwa siku, akishatimiza siku 22 za kazi ndani ya miezi miwili, ajira mpya atakayopewa kabla miezi hiyo haijaisha huhesabiwa kuwa mkataba usio na kikomo cha muda. Aidha, pale ambapo hakuna mkataba ulioandikwa, sheria huchukulia kwamba mkataba hauna kikomo, hadi mwenye kupinga alete uthibitisho.

Tatizo, basi, ni kuzihesabu hizo siku. Kuna mama mmoja katika ghala letu ambaye tangu siku yake ya kwanza alikuwa akibeba daftari la shule, jalada lake limeloa mafuta ya kukaangia kwa sababu mchana huuza mikate ya mafuta, na ndani yake aliandika kila alfajiri tarehe, saa ya kuingia, saa ya kutoka, na namba ya lori aliloshusha. Mwanzoni tulimtania kwamba anaandika deni la serikali. Kampuni ilipodai kuwa yeye huja mara mojamoja tu, tulikwenda naye kwa Mkaguzi wa Kazi, ofisa wa serikali, naye mkaguzi hakuhitaji hotuba yangu niliyokuwa nimeiandaa usiku kucha. Alivaa miwani, akahesabu mistari kwa kidole, akazilinganisha namba za malori na karatasi za mizigo alizoomba kutoka ghalani, akaanza kuandika. Tangu hapo kila kibarua wetu ana daftari. Nimeona pia mahali ambapo mtu akikaribia siku ya 21 anaambiwa ghafla akapumzike wiki mbili tatu, na hilo linaonyesha kwamba mwajiri anakijua kifungu hicho vizuri kuliko anaowaajiri.

Neno la pili hutoka kwa wenzetu wenye mikataba ya kudumu: tukiwaingiza hawa wa saa chache, watatugawia umaskini wao. Mfano ulio wazi wa jambo hili uko Marekani, katika kampuni ya vifurushi ya UPS, ambayo wafanyakazi wake wako katika chama cha Teamsters. Mwaka 1982 chama hicho kilikubali mkataba uliowaanzishia wapakizi na watenganishaji wapya wa vifurushi wa saa chache kwa dola 8 kwa saa, huku mishahara ya wa kudumu ikilindwa. Ilionekana kuwa ujanja mzuri. Lakini kampuni ikishapata mikono ya bei nafuu ina sababu gani ya kuajiri kwa bei ya juu? Dola 8 hizo zilibaki palepale kwa miaka 15, na kufikia 1997 wafanyakazi wa saa chache walikuwa karibu asilimia 60 ya wafanyakazi wote waliokuwa chini ya mkataba huo. Waliodhani wamejengewa ukuta walikuwa wanachimbiwa chini ya ukuta huo. Tarehe 4 Agosti 1997 watu wapatao 185,000 waligoma, madereva pamoja na wapakizi, na baada ya siku 15 kampuni ilikubali, pamoja na mengine, kuunganisha nafasi za saa chache ili zizae nafasi 10,000 za kazi kamili. Ninajua kwamba Katanga, eneo letu hili, si Marekani, na kwamba mkataba mmoja unaoenea nchi nzima ni ndoto kwetu tunaochagua delege kampuni kwa kampuni. Hesabu ya mikono ya bei nafuu, hata hivyo, ni ileile.

Kuhusu neno kwamba ada ya sendika ni mzigo kwa kibarua, sina mengi ya kusema: anayelipa asilimia ya anachopata halemewi, na anayedaiwa kiasi sawa na dereva wa kudumu ana haki ya kukataa.

Wengine husema sendika maana yake ni mgomo, na katika mji huu siwezi kuwacheka. Wazee wetu walisimuliwa habari za tarehe 9 Desemba 1941, wakati mji ukiitwa Elisabethville, askari wa wakoloni walipowapiga risasi wafanyakazi wa Union Minière, kampuni ya migodi ya shaba, waliogoma na kukusanyika uwanja wa mpira. Hofu hiyo imerithiwa hata na wasiojua inatoka wapi. Ila wale waliopigwa hawakuwa na sendika inayotambuliwa na sheria. Ilikuwa mwaka 1946 ndipo Wabelgiji waliporuhusu vyama vya wafanyakazi Weusi, tena kwa masharti mazito. Leo haki ya kugoma imo katika kifungu cha 39 cha Katiba, na mgogoro hupitia kwanza mapatano na usuluhishi. Hata huko UPS, mwaka 2023, wanachama wapatao 340,000 walijiandaa kugoma lakini hawakugoma: makubaliano yalipatikana kabla mkataba wa zamani haujaisha, wafanyakazi wa saa chache wakawekewa malipo yasiyopungua dola 21 kwa saa, na asilimia 86.3 ya waliopiga kura wakaupitisha. Kwetu kazi ya sendika kwa mwaka mzima imekuwa kudai glavu, taa mbili za uani, na malipo ya dakika zinazokatwa lori likichelewa.

Lipo pia lalamiko kwamba vibarua hawapangiki, kwa sababu leo wapo, kesho hawapo. Samahani, lakini kosa hapo ni letu. Sendika inayoitisha mkutano Jumamosi saa kumi jioni, mjini, inamtaka mtu aliyeamka saa nane usiku alipe nauli mara mbili kuja kusikiliza hotuba. Tulipohamishia mkutano nje ya geti saa tatu asubuhi, dakika 20 tu, watu wakiwa wamesimama na chai mkononi, walikuja wengi kuliko tulivyowahi kuwaona, na walimchagua msemaji wa kila zamu kutoka miongoni mwao badala ya kuletewa dereva asiyejua uzito wa gunia.

Linabaki neno moja ambalo sitaliita potofu lote: ukijitokeza, utafukuzwa. Sheria inakataza kumfukuza mtu kwa ajili ya sendika, na kumwachisha delege aliyechaguliwa ni jambo la lazima kupitia kwa Mkaguzi wa Kazi. Lakini kibarua hafukuzwi, haitwi tu. Kapita huruka jina lake asubuhi moja, kisha asubuhi ya pili, na hakuna barua ya kumpelekea mkaguzi. Kwa hiyo kitu cha kwanza tulichokidai, kabla hata ya kutaja mshahara, kilikuwa orodha iliyobandikwa ukutani, yenye majina yaliyopangwa kwa tarehe ya kuanza kazi, isomwe kutoka juu kwenda chini. Tuliipata baada ya miezi mitano. Sasa jina likirukwa, hakuna anayepiga kelele na hakuna anayeingia. Watu wanasimama kimya getini, malori yakinguruma, mpaka kapita arudi juu ya karatasi alisome.