Jua 16: kupima mwanga kwa kutazama kivuli

Ukinunua kamera kongwe ya mkanda, yaani ya filamu, tuseme Zenit E ya Kirusi, kuna uwezekano mkubwa utakuta kila kitu kinafanya kazi isipokuwa kipima mwanga. Shata, yaani pazia linalofunguka na kufunga ili mwanga uufikie mkanda, inalia kwa kishindo, lenzi haina ukungu, mkanda unasogea vizuri, ila sindano ya mwanga imelala. Kipima cha kamera hiyo ni cha seleni, kitu kinachogeuza mwanga kuwa umeme. Hakihitaji betri, lakini umri unakimaliza. Sasa utajuaje uweke tundu gani la lenzi na kasi gani ya shata? Wapiga picha wa zamani walikuwa na kanuni ya kukariri, na kwa Kiswahili naiita Jua 16.

Inasema hivi: jua likiwaka bila wingu, weka tundu la lenzi kwenye f/16, kisha chagua kasi ya shata inayokaribia namba ya mkanda wako. Mkanda wa 100 unapewa 1/125 ya sekunde. Mkanda wa 400 unapewa 1/500. Namba hiyo, inayoonyesha mkanda unavyopokea mwanga upesi, imeandikwa kwenye kasha kama ISO, na wazee bado wanaiita ASA.

Kinachowachanganya wengi ni kwamba namba ya tundu ikiwa kubwa, tundu lenyewe ni dogo. f/16 maana yake urefu wa fokasi wa lenzi (namba ya milimita iliyoandikwa juu yake) umegawanywa kwa 16, kwa hiyo kwenye lenzi ya Helios ya milimita 58 inayokuja na Zenit, mwanga unapita kwenye kitundu kisichofika milimita 4. Ukishuka kwenda 11, 8, 5.6 na 4, kila hatua inaongeza mwanga mara mbili. Kasi za shata nazo zinakwenda hivyo hivyo, kwa hiyo ukifungua tundu hatua moja na kuongeza kasi hatua moja, mkanda umepata mwanga ule ule.

Jua lenyewe, likishapanda vya kutosha, halibadiliki sana kutoka siku moja hadi nyingine. Kinachobadilika ni kilichoko kati yako na jua, na hilo utalisoma chini, kwenye kivuli chako. Kivuli kikiwa na kingo kali kama kilichokatwa kwa mkasi, ni f/16. Kingo zikilainika kwa ajili ya utando wa mawingu, f/11. Kivuli kikionekana kwa taabu, f/8. Kisipoonekana kabisa, f/5.6. Ukiingia wewe mwenyewe kivulini, huku mbingu bado iko wazi juu yako, anza na f/4.

Chukua Mji Mkongwe wa Zanzibar, ambako naona kanuni hii inapata mtihani wake halisi. Uwanja wa Forodhani saa sita mchana ni f/16 bila mjadala. Geuka, ingia kichochoro kimoja chenye kuta ndefu pande mbili, na mwanga umeshapungua mara kumi na sita au zaidi, ingawa jicho lako limezoea ndani ya sekunde chache na linakudanganya kuwa hakuna kilichotokea. Mkanda wangu wa kwanza niliuharibu kwa njia hiyo: nilipiga vichochoro vyote kwa vipimo vya uwanjani. Negativu, yaani picha za kwenye mkanda ambako weusi na weupe umepinduka, zilitoka karibu kama kioo kitupu. Siku hizi kila nikipinda kona, kidole kinagusa pete ya lenzi kabla sijainua kamera.

Hata hivyo, faida kubwa ya Jua 16 iko kwenye kanzu na buibui. Kipima mwanga cha ndani ya kamera kinapima mwanga unaorudi kutoka kwenye kitu, na kimetengenezwa kuamini kwamba kila kitu duniani ni kijivu cha wastani. Kielekeze kwenye ukuta uliopakwa chokaa, kitapunguza mwanga hadi ukuta uwe kijivu, na uso wa mzee aliyekaa barazani mbele yake utazama gizani. Kielekeze kwenye buibui jeusi, kitafanya kinyume chake. Jua 16 haijali ulichokielekezea kamera. Inahesabu mwanga unaoanguka, na mwanga unaomwangukia mwenye kanzu ndio huo huo unaomwangukia mwenye buibui aliye ubavuni mwake. Kwa hiyo kanzu inatoka nyeupe, buibui linatoka jeusi, na ngozi inakaa mahali pake katikati. Kwenye picha isiyo na rangi ya kuisaidia, mpangilio huo wa weusi na weupe ndio picha yenyewe.

Kwa nyuso za watu weusi wakati wa utosi mimi huongeza hatua moja, hasa kama mtu amevaa kofia inayotia kivuli machoni. Mkanda wa negativu unasamehe mwanga ukizidi kuliko ukipungua. Pasipoingia mwanga kabisa, hakuna dawa ya kwenye chumba cha giza itakayotoa kitu.

Zenit ina kikomo chake. Kasi yake ya juu kabisa ni 1/500 na Helios inaishia f/16, kwa hiyo ukiwa na mkanda wa 400 mbele ya kuta nyeupe au mchanga wa pwani, umeshafika ukingoni. Tia kichujio cha njano kwenye lenzi. Kinakula takriban hatua moja ya mwanga, na juu ya hapo kinaitia giza kidogo bluu ya mbinguni, mawingu yakajitokeza badala ya kupotea kwenye weupe mtupu. Au nunua mkanda wa 100 kwa ajili ya mchana, ukikubali kwamba vichochoroni utalazimika kushuka hadi 1/60 na kubana pumzi.

Baada ya saa kumi na moja jioni kanuni inalegea. Jua limeinama, njia yake hewani imekuwa ndefu, na kivuli bado kina kingo kali ilhali mwanga umepungua. Hapo kivuli hakiaminiki tena. Fungua hatua moja, kisha mbili. Na taa za wauza samaki Forodhani zikiwashwa, sahau 16 kabisa: fungua lenzi hadi f/2, shata kwenye 1/30, ambayo ndiyo kasi ya chini kabisa ya Zenit, na uegemeze viwiko kwenye ukuta wa bahari.