Ugomvi wa kura ya rais hauna mahakama, ndiyo maana unahamia kwa marafiki

Kila uchaguzi mkuu ukipita, swali moja hunifikia kwenye simu, mara nyingi usiku: "Wakili, kama wameibiwa kura za urais, mbona hawaendi mahakamani?" Baada ya muda mfupi rafiki wa upande wa pili naye huliuliza kwa njia yake: "Kama wana ushahidi, si waende mahakamani?" Wote wawili wako kwenye grupu moja la WhatsApp, la watu tuliosoma sekondari pamoja. Leo tumetawanyika Sakina, Ngaramtoni, Usa River, Moshi na Dar, na mmoja wetu anaishi Nairobi. Humo ndimo tunamochangishana harusi na misiba, tunamotafutiana fundi, daktari na shamba la kukodi. Na humo ndimo kampeni za urais zinapotukuta kila baada ya miaka mitano.

Nafanya kazi ya uwakili hapa Arusha, na kesi za uchaguzi ni sehemu ya kazi yangu. Swali la marafiki zangu lina jibu fupi: hawaendi kwa sababu Katiba imefunga mlango. Ila jibu hilo lina mambo mengi nyuma yake, na naamini ndilo linaloeleza kwa nini watu wetu wanaweza kutofautiana juu ya mbunge hadi basi, kisha wakaketi meza moja kwenye harusi, lakini wakitofautiana juu ya rais wanaacha kusalimiana.

Nianze na ubunge. Mwaka 2010 Godbless Lema wa CHADEMA alitangazwa kuwa mbunge wa Arusha Mjini. Wanachama watatu wa CCM wakafungua kesi Mahakama Kuu, wakidai kwamba kwenye mikutano ya kampeni alimtolea mgombea wa CCM, Dk. Batilda Burian, maneno ya kashfa. Aprili 2012 Mahakama Kuu ikatengua ubunge wake. Lema akakata rufaa, na Desemba mwaka huohuo Mahakama ya Rufani ikamrudishia kiti. Hoja kubwa ilikuwa kwamba waliofungua kesi walikuwa wapiga kura ambao haki zao wenyewe hazikuguswa na maneno yale, kwa hiyo hawakuwa na msingi wa kisheria wa kushtaki.

Wanaokumbuka Arusha ya mwaka ule wanajua mji ulivyokuwa umechemka. Wakati huo tulikuwa tunabishana zaidi Facebook. Kilichonigusa ni namna mabishano yalivyobadilika kadiri kesi ilivyosonga. Mwanzoni yalikuwa matusi matupu. Kesi ilipoanza kusikilizwa, watu ambao hawajawahi kufungua kitabu cha sheria wakaanza kuulizana maswali ya maana: je, mpiga kura anaweza kushtaki kwa maneno aliyoambiwa mtu mwingine? Shahidi aliyasikia mwenyewe au alisimuliwa? Rufaa ilipotoka, marafiki zangu wa CCM waliumia, na walisema wazi kwamba hawakubaliani nayo. Lakini hukumu ilikuwepo, imeandikwa, ina sababu, na mtu angeweza kuonyesha ukurasa gani anaupinga. Ubishi ulipata mahali pa kuishia.

Longido mambo yakaenda kinyume. Mwaka 2015 alitangazwa Onesmo Nangole wa CHADEMA, Dk. Steven Kiruswa wa CCM akaenda Mahakama Kuu, matokeo yakatenguliwa mwaka 2016, na uchaguzi mdogo wa Januari 2018 ukampa Kiruswa ubunge. Safari hii waliolia walikuwa wale waliosherehekea Arusha Mjini. Kila upande ulikuwa umeonja kushinda na kushindwa mbele ya jaji, na hilo lilifanya kazi kubwa kuliko hotuba yoyote ya kuhimiza amani.

Sasa njoo kwenye urais. Ibara ya 41 ya Katiba ya Jamhuri ya Muungano, ibara ndogo ya 7, inasema kwamba Tume ya Uchaguzi ikishamtangaza mgombea kuwa amechaguliwa kuwa Rais, hakuna mahakama yoyote yenye mamlaka ya kuchunguza kuchaguliwa kwake. Neno ni "yoyote". Si Mahakama Kuu, si Mahakama ya Rufani. Uwe na fomu za matokeo za vituo vyote vya wilaya yako, zimesainiwa na mawakala wa vyama vyote, hakuna dirisha la kuzipokelea. Ibara ndogo ya 6, iliyobadilishwa mwaka 2000, inaongeza uzito wa jambo hili: mshindi hahitaji tena kuvuka nusu ya kura zote halali, anachohitaji ni kura nyingi kuliko mgombea mwingine yeyote. Kwa hiyo tofauti ndogo tu inaweza kuamua nani anaingia Ikulu, na hakuna wa kuihakiki tofauti hiyo baada ya tangazo.

Hapa kwetu maumivu ya kifungu hiki tuliyajua vizuri mwaka 2015. Edward Lowassa alikuwa mtoto wa Monduli. Mei 30 alitangaza nia yake kwenye Uwanja wa Sheikh Amri Abeid, akiwa bado CCM, na uwanja ulifurika. Julai chama kikampitisha John Magufuli kule Dodoma, na kabla mwezi haujaisha Lowassa alikuwa amehamia CHADEMA, na Agosti akawa mgombea wa UKAWA, muungano wa vyama vya upinzani. Ndani ya wiki chache, kwenye grupu moja, waliokuwa wakimtetea wakawa wanamkana, na waliokuwa wakimsema kwa sakata la mkataba wa umeme wa Richmond, lililomwondoa kwenye uwaziri mkuu mwaka 2008, wakawa wanamtetea. Oktoba 29 Tume ikamtangaza Magufuli kwa asilimia 58.46, Lowassa asilimia 39.97.

UKAWA waliyakataa matokeo. Wenzao wa CCM waliyakubali. Na ikawa basi. Hapakuwa na tarehe ya kusikilizwa kesi, hapakuwa na jaji wa kusubiriwa, hapakuwa na hukumu ya kusomwa. Rafiki yetu wa Monduli na dada mmoja wa Moshi, waliokuwa na biashara ya pamoja ya kununua mahindi na kuyapeleka Namanga, waliendelea kushtakiana kwenye grupu hadi Krismasi. Yule dada akajitoa kwenye grupu. Biashara ikafa. Mwaka uliofuata yule rafiki wa Monduli alifiwa na mama yake, na dada hakuja msibani. Kwa mtu wa Kilimanjaro kutokwenda kuzika ni jambo zito mno, na wote tulilielewa.

Nimelitafakari sana jambo lile. Watu wazima wale hawakuwa na chuki ya asili. Kila mmoja alikuwa na madai ambayo hakuna chombo kilichoyasikiliza, kwa hiyo kila mmoja akamfanya mwenzake kuwa mshtakiwa, hakimu na shahidi wa upande wa pili. Mto ukizibwa njia yake hupita shambani kwa watu.

Jambo ambalo wengi kwenye grupu hawakulijua, na nadhani wakazi wengi wa Arusha hawalijui, ni kwamba kifungu hiki kimeshajadiliwa na majaji hapahapa mjini kwetu. Mahakama ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu ina makao yake Arusha, kwenye majengo ya Kituo cha Uhifadhi cha Mwalimu Julius Nyerere, barabara ya kwenda Dodoma. Tunapita pale kila siku. Wakili Jebra Kambole alipeleka shauri mwaka 2018 akisema ibara ya 41(7) inamnyima Mtanzania haki ya kusikilizwa. Julai 15, 2020, miezi michache kabla ya uchaguzi wa Oktoba, Mahakama ilikubaliana naye: kifungu kinakiuka Mkataba wa Afrika wa Haki za Binadamu na Watu, na Tanzania ikaamriwa kurekebisha Katiba yake.

Halikuwa shauri la kwanza la urais kuamuliwa pale. Juni 14, 2013, kwenye shauri la Mchungaji Christopher Mtikila, Mahakama hiyo ilisema kumlazimisha mgombea apitie chama cha siasa ni kuvunja haki zake. Mpaka leo mgombea binafsi hayumo kwenye karatasi zetu za kura, na 41(7) ipo vilevile.

Marafiki huniuliza, basi mahakama hiyo ina faida gani? Ni swali la haki. Hukumu zake zinaifunga nchi kisheria, lakini haina polisi wala dalali wa kukazia hukumu. Utekelezaji unategemea serikali yenyewe. Na Novemba 2019 Tanzania iliondoa tamko lililokuwa linawaruhusu watu binafsi na asasi kupeleka mashauri pale moja kwa moja. Shauri la Kambole lilipona kwa sababu lilikuwa limeshafunguliwa. Wewe na mimi leo hatuwezi kuvuka barabara ile na kufungua jipya.

Wanaotetea 41(7) wana hoja, na haistahili kupuuzwa. Wanasema nchi haiwezi kukaa bila kujua nani ni Amiri Jeshi Mkuu huku mawakili wakibishana. Rafiki yetu wa Nairobi ndiye hutupa mfano wa kupima hoja hiyo. Septemba 1, 2017 Mahakama ya Juu ya Kenya ilifuta uchaguzi wa rais wa Agosti 8. Mwaka 2022 mahakama hiyohiyo ikathibitisha ushindi wa William Ruto, aliyepata asilimia 50.49. Mara zote mbili katiba yao iliipa mahakama siku 14 tu, na nchi ilikuwa na rais muda wote huo, kwa sababu aliyekuwepo anaendelea hadi mwingine aapishwe. Malawi ilifuta uchaguzi wake Februari 2020 na kurudia Juni. Sisemi mahakama inaleta raha. Kenya ilimwaga damu mwaka 2017, na upinzani ulisusia marudio. Lakini mwaka 2022, wakati kesi ikisikilizwa, rafiki yetu alikuwa akituma muhtasari wa hoja kila jioni, na ndugu zake wa pande zote mbili walikuwa wanabishana juu ya fomu na seva, si juu ya kabila la mtu. Mimi naona hiyo ni hatua kubwa sana.

Kuhusu kusambaza matokeo na tetesi kwenye magrupu nitapita haraka, maana nimeshaandika mara nyingi. Sheria ya Makosa ya Mtandao ya mwaka 2015, kifungu cha 16, inafanya kuchapisha taarifa za uongo kuwa kosa, na adhabu yake ni faini isiyopungua shilingi milioni 5 au kifungo kisichopungua miaka 3, au vyote. Juni 2016 mahakama ya hapa Arusha ilimpa mtu miaka 3 jela au faini ya milioni 7 kwa maneno aliyoandika Facebook dhidi ya Rais. Kwa hiyo rafiki anayekwambia "futa hiyo" wakati mwingine anakuokoa, hata kama ni wa chama kingine. Mwenye jumla ya kura za nchi nzima ni Tume peke yake. Picha ya fomu ya kituo kimoja ni ya kituo kimoja.

Oktoba 29, 2025, siku ya uchaguzi mkuu, intaneti ilizimwa nchi nzima kwa siku kadhaa. Watu walikufa kwenye vurugu zilizozuka, na Novemba 14 Rais Samia Suluhu Hassan alitangaza bungeni kuundwa kwa tume ya kuchunguza. Siku mtandao uliporudi, ujumbe wa kwanza kwenye grupu letu ulikuwa orodha ya majina, kila mtu aweke alama kwamba yupo salama. Yule dada wa Moshi hakuwa kwenye grupu. Rafiki wa Monduli ndiye aliyempigia simu kumjulia hali. Siku iliyofuata dada akaniomba nimrudishe, nikamrudisha.

Na safari hii swali alilouliza yule dada lilikuwa jipya: kifungu kikifutwa, kiandikwe nini badala yake? Hatuanzi patupu. Rasimu ya Tume ya Jaji Warioba, iliyokusanya maoni ya katiba mpya, na Katiba Inayopendekezwa ya mwaka 2014 zote ziliruhusu matokeo ya urais kupingwa kwenye Mahakama ya Juu. Kura ya maoni ilipangwa Aprili 2015, ikaahirishwa, haijafanyika. Hata bila katiba mpya, Bunge lina uwezo wa kubadilisha ibara hiyo kwa theluthi mbili ya wabunge wote.

Ila kufuta 41(7) peke yake hakutoshi, na hapa wengi wanaodai mabadiliko hawafiki. Ibara ya 42 inataka Rais mteule ashike madaraka kabla siku saba hazijapita tangu atangazwe. Ukiruhusu kesi lakini ukaacha siku saba, mahakama itakuwa inasikiliza shauri dhidi ya mtu aliyekwisha kuapa, na jaji gani atamtoa? Vifungu viwili lazima vibadilishwe kwa pamoja. Siku 14 za Kenya naziona chache kwa nchi yenye vituo kuanzia Kakonko hadi Mafia na Pemba, ambako kukusanya fomu halisi tu ni kazi. Ningeandika siku 7 za kufungua shauri, 30 za kuamua, na kiapo baada ya hukumu. Rafiki wa Monduli anasema 30 ni nyingi mno, joto la watu halitashuka. Tunaendelea kubishana.