Je, wajua kwa nini waya wa kizimba hupotea ukipiga picha kwa lenzi ndefu?

Swali hili aliniuliza binti wa dada yangu, mwenye umri wa miaka tisa, Jumapili moja asubuhi mbele ya kizimba cha duma. Tulikuwa kwenye Kituo cha Wanyama Yatima cha Nairobi, pale langoni mwa Mbuga ya Taifa kwenye barabara ya Lang'ata, mahali ambapo tangu 1964 hupokelewa wanyama walioachwa na mama zao au kupatikana wamejeruhiwa. Yeye alipiga kwa simu ya mama yake. Picha ikajaa waya: mistari ya kijivu inayokatizana, na nyuma yake kitu cha manjano chenye madoa, ambacho ungeambiwa ni mto wa kochi ungekubali. Nami nilikuwa nimesimama bega kwa bega naye, kamera mkononi, lenzi ya kuvuta ya milimita 70 hadi 300. Nikampiga duma yuleyule, nikamwonyesha kwenye kioo cha nyuma. Michirizi miwili myeusi iliyoteremka kutoka macho hadi pembe za mdomo ilionekana wazi, na masharubu ungeweza kuyahesabu. Waya haukuwepo.

"Mjomba, waya umeupeleka wapi?"

Sikuupeleka popote. Kamera yangu ni ya zamani, haina ujanja wa kufuta kitu, na picha aliiona palepale kabla sijaigusa. Nilimpa jibu la haraka, kwamba lenzi kubwa hupenya waya, na nikajua hapohapo kwamba nimemdanganya. Hakuna lenzi inayopenya waya. Jibu lenyewe ni zuri kuliko hilo, na tulilianza jioni ile nyumbani kwa uzi wa kushonea.

Jaribu nawe. Chukua uzi mweusi, uvute ukaze kati ya mikono miwili, funga jicho moja, kisha utazame mti ulio mbali. Uzi ukiwa mbali na uso unaukata mti vipande viwili. Usogeze polepole kuelekea jicho. Unanenepa, unafifia, na ukikaribia kope unabaki kivuli chepesi ambacho mti unaonekana kupitia ndani yake. Sasa weka uzi chini, chukua penseli, uisimamishe mahali palepale. Penseli haifichiki hata kidogo. Sehemu ya mti imezibwa kabisa.

Tofauti iko kwenye mboni. Mchana, tundu jeusi la katikati ya jicho huwa na upana wa milimita 2 hadi 4. Uzi ni mwembamba kuliko tundu hilo, kwa hiyo hauwezi kulizuia lote. Mwanga unauzunguka kulia na kushoto na kuingia. Penseli ina upana wa milimita 7 hivi, imelifunika tundu lote. Ukilielewa hilo umeelewa habari nzima ya kizimba. Simu ya dada yangu mbele ya waya ni jicho mbele ya penseli. Lenzi yangu mbele ya waya uleule ni jicho mbele ya uzi.

Tulitazame kwa karibu zaidi. Chagua doa moja tu kwenye bega la duma. Doa hilo halirushi mwanga kwa mstari mmoja kuelekea kamera. Linautawanya kila upande, na sehemu inayotua juu ya uso wote wa lenzi hukusanywa na kurudishwa kuwa nukta moja. Mwanga huo unasafiri kwa umbo la koni ya aiskrimu: ncha iko kwenye doa, mdomo wake mpana uko kwenye lenzi. Waya wa kizimba, kwa kuwa uko karibu nawe kuliko duma, umesimama karibu na mdomo wa koni, pale ilipo pana kabisa. Unakata ukanda mwembamba tu. Mwanga uliobaki unapita pembeni, unafika, na doa linachorwa kamili, ila limepungua mwangaza kidogo. Ndivyo inavyokuwa kwa kila doa, kila unyoya na kila sharubu. Tuseme lenzi kubwa inamtazama duma kutoka mahali pengi kwa wakati mmoja, na waya hauwezi kusimama mbele ya mahali pote.

Koni hiyo ina upana gani? Hesabu yake ni rahisi: gawanya urefu wa lenzi, yaani ile namba ya milimita inayotajwa nayo, kwa namba ya f, ile inayoandikwa kama f/4 au f/5.6, utapata upana wa tundu lake linalopitisha mwanga. Milimita 300 kwa f/5.6 ni karibu milimita 54, yaani vidole vitatu vya mtu mzima vikilazwa pamoja. Sasa tuchukue simu. Lenzi yake kuu, ikiwa na urefu halisi wa milimita 6 hivi na f/1.8, ina tundu la milimita 3 na kidogo. Waya wa kizimba nao tuuweke milimita 3. Kwenye simu, waya mmoja unaweza kuziba karibu tundu zima. Kwenye lenzi ndefu, waya uleule ukipita katikati kabisa unazuia kama asilimia 7 ya mwanga. Hata nyaya mbili au tatu zikikatiza pamoja, zaidi ya robo tatu ya mwanga inapita.

Hapa pana jambo linalowachanganya wengi, hata waliokaa na kamera miaka. Tumezoea kusikia kwamba namba ndogo ya f ni tundu kubwa, kwa hiyo mtu anaona f/1.8 ya simu anadhani imeishinda f/5.6. Namba hiyo ni uwiano tu. Angalia lenzi za kuvuta za bei ya kawaida zilizoandikwa f/4 hadi 5.6: ukiwa milimita 70 zinakupa f/4, ukivuta hadi 300 namba inapanda hadi 5.6, na mtu anasikitika kwamba lenzi "imejifunga". Piga hesabu. Sabini kwa nne ni milimita 17 na nusu. Mia tatu kwa tano nukta sita ni 54. Tundu limepanuka mara tatu! Kwa hiyo mbele ya waya, vuta hadi mwisho, acha lenzi ikiwa wazi kadiri inavyoweza, na usiifunge hadi f/11 kwa kutafuta ukali, maana unaurudisha waya kwa mkono wako mwenyewe.

Lakini tundu pana halitoshi. Mnyama naye lazima awe mbali na waya, kwa sababu koni huanza na ncha, na ncha iko juu yake. Chukua kizimba chenye kizuizi cha kuwaweka watu nyuma, ukajikuta umesimama mita moja na nusu kutoka kwenye waya. Duma akiwa mita 10 kutoka kwako, koni inapopita kwenye waya ina upana wa milimita 46, na waya unayeyuka. Duma huyohuyo akija kulala sentimita 20 tu nyuma ya waya, koni pale ina milimita 6 peke yake, na waya wa milimita 3 unakula karibu nusu yake. Hapo hakuna lenzi itakayokuokoa, hata iwe ya bei ya gari. Kinachobaki ni kusubiri. Duma wa kizimbani ana njia zake. Ukikaa nusu saa utaziona. Anazunguka, anakwenda kivulini, anapanda gogo lake katikati. Piga akiwa pale kwenye gogo.

Sasa, nimesema waya unayeyuka, na lazima niwe mkweli: waya haujaondoka. Umetandazwa juu ya picha nzima kama pazia jepesi. Waya ukiwa kivulini, pazia hilo ni jeusi na hulioni. Jua likiupiga, hasa ule waya mpya wa rangi ya mabati unaometameta, pazia linakuwa jeupe, na picha inatoka imepauka kana kwamba umeipiga ndani ya vumbi. Wengi hulaumu lenzi. Zunguka kizimba kwanza, tafuta upande ambao mti au paa limeutia waya kivuli. Usipoupata, tengeneza. Siku ile jua lilikuwa nyuma yetu, likiupiga waya moja kwa moja, na dada yangu akafungua mwavuli wake mweusi juu ya kichwa changu hadi kivuli kikafika kwenye waya. Nyeusi ya madoa ikarudi kuwa nyeusi. Watu waliokuwa wakipita walidhani ananikinga na jua, nikaona vyema kuwaeleza, na kijana mmoja akaomba mwavuli naye ajaribu.

Tatizo jingine ni pale kamera inapojilengea yenyewe. Inapenda kukamata kitu cha karibu chenye mistari mikali, na waya ni hivyo hasa. Nilimwachia yule binti kamera, akabonyeza, akapiga kelele. Waya ulikuwa mkali, kutu yake inaonekana chembe kwa chembe, na duma ndiye aliyepotea: ukungu wa manjano tu. Ni jambo lilelile limegeuzwa, kwa sababu safari hii koni zimeanzia kwenye waya. Chagua nukta moja ya kulengea badala ya kuiachia kamera uwanja mzima, uiweke kwenye jicho la mnyama kupitia uwazi wa waya, au zima kujilenga uzungushe pete kwa vidole. Waya wa nyuma ya mnyama nao hulainika vivyo hivyo akiwa mbali nao, kwa hiyo gogo la katikati linakusaidia mara mbili.

Mtikisiko ni habari ndefu, ila kwa kifupi: kwa milimita 300, kasi ya kamera kufungua na kufunga isiwe taratibu kuliko 1/300 ya sekunde, na kwa kamera zenye kihisi kidogo, yaani kile kibao cha ndani kinachopokea mwanga, kaa kwenye 1/500. Kifaa cha kutuliza kilicho ndani ya lenzi hutuliza mkono wako, hakimtulizi duma. Kwenye vioo, tatizo ni mwako na taswira yako mwenyewe: vaa nguo nyeusi, sogeza mdomo wa lenzi hadi ukaribie kugusa kioo, na upige kwa kunyooka. Alama za vidole vya watoto zitapotea kwa kanuni ileile ya koni.

Na kizuizi usikivuke. Kimewekwa kwa ajili ya mkono wako, na pia kwa ajili ya mnyama ambaye hana pa kurudi nyuma zaidi ya kona yake. Milimita 300 zipo ili usihitaji hatua hiyo.

Nina msimamo kuhusu kinachofuata baada ya picha. Picha isiyo na waya ni rahisi kuandikiwa "Maasai Mara" na kurushwa mtandaoni, na nimeyaona hayo mara nyingi. Inaniuma. Duma wa kituo cha yatima ana historia yake, kuna aliyemwokota na kuna anayemlisha, na jina la mahali ni sehemu ya picha. Fikiria kwaga, jamii ya punda milia wa Afrika Kusini ambaye milia yake ilianzia kichwani ikafifia kuelekea nyuma, hadi kiuno kikawa hudhurungi tupu. Picha zinazojulikana za kwaga akiwa hai ni tano tu, zote za jike mmoja, zilizopigwa kati ya 1863 na 1870 kwenye bustani ya wanyama ya London, Regent's Park. Kwaga wa mwisho alikufa kwenye bustani ya Artis, Amsterdam, tarehe 12 Agosti 1883. Lenzi ya telefoto yenyewe, hii ndefu ya kuleta vitu vya mbali karibu, ilikuja 1891, Thomas Dallmeyer kule Uingereza na Adolf Miethe kule Ujerumani wakiifikia kila mmoja kivyake. Picha zile hazikupigwa kwa kuvuta wala kuficha, na leo tunaweza kuzitegemea kwa sababu tunajua ni nani, wapi na lini. Kwa hiyo chini ya picha yangu niliandika: duma, kituo cha yatima, Nairobi.

Yule binti hakuridhika. Aliona kamera imempendelea mjomba, na akataka kujua kama simu haina dawa. Dawa ipo, na inatoka kwenye udogo uleule ulioiangusha. Jicho la simu ni dogo kuliko uwazi wa waya. Kwenye kizimba ambacho hakina kizuizi na kiumbe wake hana madhara, simu inaweza kulazwa juu ya waya, jicho lake likae katikati ya uwazi, na waya wote ukabaki nje ya picha. Lenzi yangu, na mdomo wake mpana, haiwezi.

Tulikwenda kwenye kizimba cha kasuku. Mhudumu alikuwa karibu, tukamwomba ruhusa, akakubali na kusimama nasi. Binti akalaza simu kwenye waya, akaisogeza kidogo kulia, kidogo juu, akashusha pumzi, akabonyeza. Kasuku wa kijivu, mkia mwekundu, kichwa kimeinamishwa upande kumtazama mpigaji. Mama yake ameichapisha, na kwa mkono wa binti imeandikwa chini: kasuku, kituo cha yatima, Nairobi.