Kiswahili hakina "he" wala "she". Mbona habari za mastaa waliobadili jinsia bado zinavunja heshima?

Je, wajua kwamba sentensi "Amesema anafurahi kuitwa kwa jina lake" haikuambii kabisa kama aliyesema ni mwanamke au mwanamume? Kiingereza kingekuwa kimeshakuambia mara tatu. Ndiyo maana kila ikizuka habari ya staa wa ng'ambo aliyebadili jinsia, hakosi mtu wa kusema kwamba ugomvi wa nani aitweje ni wa Wazungu na sarufi yao, na kwamba sisi wenye "yeye" mmoja hautuhusu. Dai hilo ni kweli nusu. Nusu iliyobaki ndiyo yenye mambo.

Kwanza tuondoe toleo lake lililotiwa chumvi, lile linalosema lugha za Kiafrika hazibagui kwa sababu sisi ni watu wa utu. Ukiwa Dodoma huhitaji kwenda mbali kulipinga. Kigogo na Kirangi, kama Kiswahili, havitofautishi "yeye" wa kike na wa kiume. Lakini shika njia ya kaskazini hadi wilaya ya Chemba, iliyomegwa kutoka Kondoa mwaka 2012, ufike Kwa Mtoro au Farkwa, na utakuta Wasandawe wana "yeye" wa kiume na "yeye" wa kike, kila mmoja na neno lake. Majirani zao Waburunge wanazungumza lugha ya Kikushi, ambamo hata nomino zimegawanyika za kiume na za kike. Wanaisimu wanaipenda sana Kondoa ya zamani kwa sababu hiyohiyo: lugha za koo nne zisizo na undugu zinakutana sokoni.

Huko nje nako, Kifini kina "yeye" mmoja, Kituruki vilevile, Kihungari vilevile, na Kiajemi cha Iran vilevile. Zilinganishe Finland na Iran kwa jambo lolote linalohusu wanawake na wanaume, utaona kwamba kiwakilishi hakiamui mengi. Sarufi ni sarufi. Adabu inatafutwa kwingine.

Sasa jinsia inaingilia wapi katika Kiswahili? Kiingereza ni kama basi la mkoani: hupandi mpaka uonyeshe tiketi. Kwa kawaida huwezi kumtaja mtu kwa kiwakilishi mara ya pili bila kutangaza jinsia yake. Kiswahili ni daladala ya Sabasaba. Unapanda, unakaa, unapita vituo viwili vitatu na hakuna aliyekuuliza kitu. "A-" imekubeba: amefika, ameimba, ametangaza, amekanusha. Lakini konda yupo, na mapema au baadaye atachezesha sarafu mkononi mbele yako. Sehemu anazodai si nyingi, ila zinajulikana: mume na mke, baba na mama, kaka na dada, shangazi na mjomba, na pale kwenye ndoa ambapo mmoja anaoa na mwingine anaolewa. Kisha kuna abiria wa aina nyingine, anayelipa nauli kabla hajaulizwa, tena kwa sauti, basi zima lisikie. Huyu ndiye mwandishi wetu wa udaku.

Chukua habari moja. Tarehe 1 Desemba 2020 mwigizaji wa Canada, Elliot Page, alitangaza kwenye kurasa zake kwamba yeye ni mtu aliyebadili jinsia, na akataja jina lake jipya. Aya ya kwanza ya habari hiyo kwa Kiswahili haina tatizo hata ukitaka kulitafuta: "Mwigizaji Elliot Page ametangaza kuwa..." Balaa ni aya ya pili. Magazeti na kurasa za burudani zina kanuni isiyoandikwa kwamba jina halirudiwi. Lazima umbatize mtu upya kila aya: mkali huyo, nyota huyo, mrembo huyo, jamaa huyo, na lile lisilokosekana, "mwanadada huyo". Mkono wa mwandishi unalifikia "mwanadada" kabla kichwa hakijafikiri, kwa kuwa picha aliyoizoea ni ya zamani. Hakuna kanuni ya sarufi iliyomlazimisha. "Msanii huyo" lilikuwepo, "mwigizaji huyo" lilikuwepo, "staa huyo" lilikuwepo, yote mafupi zaidi.

Hapo ndipo Kiswahili kinapotofautiana na Kiingereza kwa namna ya ajabu kidogo. Mwingereza akiteleza na kusema "she", inawezekana kabisa ni ulimi tu, kwa sababu lugha yake inamdai neno kila sekunde. Kwa Kiswahili, kumwita mtu kwa jinsia anayoikataa mara nyingi ni kazi ya ziada. Mtu ameongeza neno ambalo sentensi haikulihitaji. Msomaji analisikia hivyo, hata kama mwandishi hakukusudia.

Lakini tusimwonee mwandishi, kwa sababu konda wa kweli naye yupo. Page alifunga ndoa na Emma Portner mwaka 2018, na Januari 2021 wakatangaza kuachana. Andika hilo kwa Kiswahili cha kila siku. Alioa? Aliolewa? Kitenzi hiki kinampanga mtu upande mmoja au mwingine, na mtaani kimeshageuzwa kuwa fimbo: mwanamume anayetunzwa na mkewe huambiwa "kaolewa", na kila mtu anajua si sifa. Njia ya kutokea ipo, na wala si ya kubuni: "walifunga ndoa", "walioana", "waliachana". Makarani wa ndoa na waandishi makini wamekuwa wakiyatumia maneno haya miaka yote bila kufikiria watu waliobadili jinsia hata kidogo. Mchumba, mwenza, mpenzi, mkwe, mzazi, mtoto na mjukuu nayo hayaulizi jinsia.

Kuna pahali ambapo hata ukwepaji huo unachakaa. Caitlyn Jenner, aliyeshinda dhahabu ya dekathloni (riadha ya michezo kumi) ya wanaume kwenye Olimpiki ya Montreal mwaka 1976, alijitambulisha kwa jina hilo mwaka 2015. Ana watoto sita, akiwemo binti yake Kendall, na Kim Kardashian ni mtoto wake wa kambo. Kwetu mzazi huitwa kwa mtoto wake mpaka jina lake la kuzaliwa linasahaulika. Kuna mama Neema na baba Juma ambao majirani hawajui kabisa jina la pili. Kwa hiyo Jenner ni baba Kendall au mama Kendall? Jibu si lile unalolitarajia. Yeye mwenyewe amesema watoto wake wanaendelea kumwita baba, na ameridhia. Neno ambalo kinywani mwa mgeni lingekuwa kejeli, kinywani mwa binti yake si kejeli. Mwandishi asiye binti yake anaweza kuandika "mzazi wa Kendall" akapumzika.

Na si kila "wa kike" au "wa kiume" ni tusi. Page aliwahi kuteuliwa kuwania Oscar katika kipengele cha mwigizaji bora wa kike, na mashindano ya Jenner yalikuwa ya wanaume. Hayo ni majina ya vipengele na mashindano. Ukiyafuta unaharibu habari.

Kuhusu majina, kwa kweli sisi tungepaswa kuwa walimu wa dunia. Bungeni hapa Dodoma wamewahi kuketi Profesa Jay, aliyekuwa mbunge wa Mikumi, Sugu wa Mbeya Mjini, na MwanaFA wa Muheza, na magazeti yaliwaita hivyo bila kuona shida yoyote. Hakuna mhariri aliyesisitiza kwamba heshima kwa ukweli inadai aandike Joseph Haule, jina halisi la Profesa Jay, kila mstari. Ni mtu huyohuyo mwenye busara hizo ambaye, habari ikiwa ya Jenner, anaanza kichwa cha habari na jina la zamani, kisha analirudia kwenye mabano. Shirika la habari la AP huelekeza waandishi wake watumie jina ambalo mtu anaishi nalo sasa, na la zamani litajwe pale tu habari isipoeleweka bila hilo. Ukiondoa jina la shirika, ni kanuni ileile tunayoitumia kwa wasanii wa Bongo Fleva.

Kosa la mwisho la lugha linatoka kwenye tafsiri. Mwimbaji wa Uingereza Sam Smith alisema mwaka 2019 kwamba kwa Kiingereza anapenda kuitwa "they", na mwaka huohuo kamusi ya Merriam-Webster ikalichagua hilo kuwa neno la mwaka. Watafsiri wenye haraka waliona "they", wakaandika "wao": Sam Smith wametoa wimbo. Msomaji anabaki anajiuliza wametoa na nani. Kiswahili hakihitaji wingi huo, kwa kuwa umoja wake tayari hauna jinsia. "Ametoa wimbo" inatosha.

Kuna mkanganyiko mwingine usiohusu sarufi, nao umeumiza watu ambao hawamo kabisa kwenye habari hii. Huntha ni mtu ambaye mwili wake tangu kuzaliwa una dalili za jinsia zisizoangukia upande mmoja waziwazi; sensa ya Kenya ya mwaka 2019 iliwahesabu 1,524. Mtu aliyebadili jinsia ni habari tofauti: anaishi katika jinsia isiyo ile aliyoandikiwa alipozaliwa, awe amefanyiwa upasuaji au hajafanyiwa. Mwanariadha Caster Semenya wa Afrika Kusini hajabadili chochote, alizaliwa na kulelewa msichana. Bondia Imane Khelif wa Algeria naye vilevile, na wakati wa Olimpiki ya Paris mwaka 2024 Kamati ya Kimataifa ya Olimpiki ilisema wazi kwamba suala lake halihusu kubadili jinsia. Hilo halikuzuia kurasa nyingi, za Kiswahili zikiwemo, kumwandika kama "mwanaume anayepiga wanawake". Tazama tena: "a-" ilikuwa inamtosha, neno "mwanaume" likaongezwa.

Je, Watanzania wanawaonaje watu hawa? Hapa inafaa kwenda polepole. Ukipita kwenye komenti utaona ukali mwingi, aya za Biblia na Kurani, vichekesho, na mara mojamoja mtu anayeandika "mwacheni aishi". Lakini wanaokomenti si taifa. Tafiti za maoni nazo, kama zile za Afrobarometer, zimekuwa zikiuliza kama mtu angekubali jirani anayependa watu wa jinsia yake. Kuzitumia takwimu hizo kueleza mtazamo juu ya waliobadili jinsia ni kutoa jibu la swali ambalo halikuulizwa. Sheria nayo huchanganywa hivyohivyo: kifungu cha 154 cha Kanuni ya Adhabu, Sura ya 16, kinahusu matendo ya kujamiiana "kinyume cha maumbile", wala hakisemi kitu kuhusu jina la mtu. Kenya jirani suala la jina lilifika kortini lenyewe. Mwaka 2014 Mahakama Kuu iliagiza baraza la mitihani limpe mwanaharakati Audrey Mbugua cheti chenye jina lake jipya.

Kwa maoni yangu, mtu anaweza kuwa na msimamo mkali kabisa wa dini yake na bado akaandika "msanii huyo". Maneno ya aina hiyo yamejaa mji huu. Bunge lilipompata Spika wa kwanza mwanamke, Anna Makinda, mwaka 2010, wabunge hawakuhitaji kubadili hata herufi: "Mheshimiwa Spika" lilimfaa yeye, likamfaa Job Ndugai wa Kongwa, likamfaa Tulia Ackson. Makao makuu ya CCM nayo humwita kila mwanachama Ndugu, awe nani awe nani. Na shikamoo inauliza umri tu.

Lugha hii ina mtego mmoja wa mwisho, na unafanya kazi kinyumenyume. Mtu wa Area C hapa Dodoma anaandika chini ya picha ya staa: "Amependeza sana, Mungu ambariki." Ujumbe hauna jinsia hata chembe. Staa, au shabiki wake wa Marekani, anabonyeza kitufe cha tafsiri, na mashine inapaswa kutoa Kiingereza, lugha ambayo kwa kawaida haikubali kuvuka bila "he" au "she". Mashine hizi hujifunza kutokana na maandishi yaliyokwishaandikwa, kwa hiyo hukisia kwa mazoea: daktari huwa "he", muuguzi huwa "she". Desemba 2018 Google ilianza kuonyesha majibu mawili, la kike na la kiume, kwa sentensi za Kituruki zinazokwenda Kiingereza, kwa sababu ya shida hiihii. Mashine inapotoa jibu moja tu, aliyesifiwa anaweza kusoma chini ya picha yake neno linalomuudhi, limesainiwa kwa jina la mtu wa Dodoma ambaye hakuliandika.