Je, wajua kwa nini kampuni za sigara zenyewe ziliomba matangazo yao yaondolewe kwenye televisheni?

Julai 1969, Joseph Cullman, mwenyekiti wa Philip Morris, alifika mbele ya kamati ndogo ya Seneti ya Marekani kuzungumza kwa niaba ya kampuni za sigara za nchi hiyo. Hakwenda kujitetea. Alisema wako tayari kuacha kabisa kutangaza sigara redioni na kwenye televisheni, mradi serikali isiwashtaki kwa kula njama ya kibiashara watakapokubaliana kuacha wote kwa pamoja. Wakati huo televisheni peke yake ilikuwa ikimeza zaidi ya dola milioni 200 za kampuni hizo kila mwaka. Waliokuja juu ni wenye vituo vya utangazaji, nao wakafika hadi mahakamani kupinga katazo.

Mfanyabiashara akiomba mwenyewe afungiwe mlango wake mkubwa kuliko yote, ujue kuna hesabu amepiga.

Mwaka 1964 daktari mkuu wa serikali ya Marekani, Luther Terry, alikuwa ametoa ripoti iliyosema waziwazi kwamba uvutaji wa sigara husababisha saratani ya mapafu kwa wanaume. Ripoti ikatikisa, kisha maisha yakaendelea. Kwenye televisheni mchunga ng'ombe wa matangazo ya sigara za Marlboro aliendelea kupanda farasi na kuwasha yake machweo yalipofika. Ndipo Desemba 1966 mwanasheria kijana wa New York, John Banzhaf, akaandika barua kwa kituo cha televisheni cha WCBS. Sheria za utangazaji za enzi hizo zilitaka kituo kinachorusha upande mmoja wa jambo lenye ubishi mkubwa kiupe na upande wa pili nafasi. Banzhaf akauliza: je, tangazo la sigara si upande mmoja wa jambo la namna hiyo? Kituo kikamkatalia. Akapeleka malalamiko kwenye tume ya serikali ya mawasiliano, na Juni 1967 tume ikampa haki. Kila kituo kinachorusha matangazo ya sigara kikatakiwa kutoa muda wa kutosha, bila malipo, kwa ujumbe wa kuwaonya watu. Kwa vitendo ilikuwa karibu onyo moja kwa kila matangazo matatu.

Dawa ya moto ni moto. Maonyo hayo hayakuwa hotuba za madaktari. Katika moja, lililotengenezwa kwa ajili ya Chama cha Saratani cha Marekani, mtoto mdogo anashinda na baba yake akimwigiza kila afanyacho. Mwishoni wanaketi chini ya mti, baba anawasha sigara na kuweka paketi kando. Mtoto anaiokota, anaitazama. Basi. Katika jingine, mwigizaji William Talman, ambaye Wamarekani walimzoea kama mwendesha mashtaka katika mchezo wa televisheni, anawaambia watazamaji kwamba ana saratani ya mapafu na kwamba amevuta sigara kwa miaka mingi. Alifariki Agosti 1968.

Sasa tazama idadi. Mwaka 1967 sigara zilizotumika Marekani zilikuwa karibu 4,280 kwa kila mtu mzima. Kufikia 1969 zilikuwa zimeshuka chini ya 4,000, na 1970 zikabaki hapo. Kushuka namna hiyo, miaka mitatu mfululizo na bila mdororo mkubwa wa uchumi, lilikuwa jambo geni kwa biashara hii.

Hapo ndipo kampuni zilipobanwa. Kila zilipolipia tangazo, zilikuwa zinamnunulia adui muda wa hewani. Lakini hakuna iliyothubutu kutoka peke yake, kwa kuwa atakayenyamaza atanyang'anywa wateja na wenzake. Njia pekee ilikuwa wote watoke siku moja, kwa amri ya sheria. Sheria hiyo ingewapa na zawadi ya ziada: kampuni mpya isingeweza tena kujitangaza kwenye televisheni na kuja kuwasumbua wakubwa.

Rais Richard Nixon alitia saini sheria ya katazo hilo Aprili 1970. Katazo lilipangwa lianze tarehe 2 Januari 1971, si tarehe 1, ili vituo vipate mapato ya mwisho kwenye mechi za siku ya mwaka mpya, ambazo Wamarekani huzitazama kwa wingi. Tangazo la mwisho, la sigara za Virginia Slims, lilirushwa dakika moja kabla ya saa sita usiku. Na kwa kuwa matangazo ya sigara yalikwisha, wajibu wa kurusha maonyo bure nao ukaisha. Maonyo yakapungua sana. Kufikia 1973 sigara kwa kila mtu mzima zilikuwa zimepanda tena hadi karibu 4,150. Bei na mambo mengine yalichangia, lakini si rahisi kuitazama hesabu hiyo ukasema kimya hakikuwa na lake.

Fedha je? Zilihama. Mbio za magari za NASCAR zikabeba jina la sigara za Winston kuanzia 1971. Marlboro ikajipaka kwenye magari ya Formula One kuanzia 1972. Tenisi ya wanawake ikadhaminiwa na Virginia Slims, magazeti na mabango ya barabarani yakajaa, na kufikia 1975 bajeti ya kutangaza sigara Marekani ilikuwa kubwa kuliko ya 1970. Kamera za michezo ziliendelea kuonyesha majina yaleyale, na hakuna aliyeyaita matangazo.

Virginia Slims inastahili kutazamwa kwa karibu. Ilianza kuuzwa 1968, nyembamba, ikitangazwa kama alama ya mwanamke aliyejikomboa. Utafiti uliochapishwa 1994 katika jarida la madaktari wa Marekani ulionyesha kuwa wasichana walioanza kuvuta sigara waliongezeka ghafla kuanzia mwaka 1967 hivi, wakati uleule chapa za wanawake zilipopamba moto. Wavulana hawakupanda hivyo. Saratani ya mapafu huchukua miaka ishirini, thelathini kujitokeza, kwa hiyo deni lilikuja kulipwa baadaye: mwaka 1987 saratani hiyo iliipita ya matiti kwa kuua wanawake wa Marekani.

Utetezi wa kampuni, jana na leo, ni kwamba tangazo humhamisha mvutaji kutoka chapa moja kwenda nyingine, halimzalishi mvutaji mpya. Mimi huona utetezi huu unajikwaa kwenye hesabu ndogo tu. Tumbaku huua hadi nusu ya wanaoitumia bila kuacha, zaidi ya watu milioni 7 duniani kila mwaka. Biashara inayopoteza wateja kiasi hicho isipopata wengine, na wengi wao huanza wakiwa bado vijana, itafunga.

Mwaka 2000 wachumi Henry Saffer na Frank Chaloupka walilinganisha nchi tajiri zilizoweka makatazo ya aina mbalimbali. Waliona kuwa katazo la kila aina ya tangazo hupunguza uvutaji, ila katazo la nusunusu huleta mabadiliko madogo au hakuna kabisa, kwa sababu ileile: fedha huhamia pasipokatazwa. Mkataba wa Shirika la Afya Duniani kuhusu tumbaku, ulioanza kutumika 2005, unazitaka nchi wanachama zikataze matangazo, promosheni na udhamini wote. Marekani ilitia saini mkataba huo 2004, lakini haijauridhia. Kenya ilipitisha sheria yake 2007, ikakataza pia kuuza sigara moja moja, ingawa kibandani bado utaipata. Uganda ilipotunga yake 2015 ilikwenda hatua moja mbele, ikaligusa hata rafu la dukani: muuzaji haruhusiwi kupanga paketi za sigara mahali zinapoonekana, na anayezitaka itabidi aulize.